Mvua Niliyoifuta

Kanda ilikuja kutoka Tukuyu ndani ya kopo la maziwa ya unga,
kopo limefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na kikaratasi: Kiwira Tano, ghala la kahawa, Aprili themanini na moja.
Nyimbo saba. Magitaa mawili, besi, ngoma,
kinanda cha kuazima kanisani.
Roki, ndiyo. Roki ya watu waliovaa gambuti.

Kazi yangu ni kusafisha.
Chumba changu kipo Mwanjelwa, juu ya duka la mbolea,
kuta nimezivika trei za mayai na mablanketi,
kompyuta ina feni inayokohoa kuliko mtu.
Siku tisa nilikaa na kanda ile.
Nikaondoa mikwaruzo, nikaondoa mngurumo wa umeme,
nikafika kwenye ile sauti iliyotanda nyuma ya kila kitu,
kama mtu anapepeta mchele na hachoki.
Nikaiona kwenye kioo, mstari mpana wa kijivu.
Nikaikata.
Nikajiona fundi.

Santuri mia tatu zikachapwa mbali huko, nyeusi, nzito,
zikapanda kutoka Dar kwa basi la usiku
pembeni ya boksi la vifaranga.
Nikazipanga jirani na albamu mpya ya Sweta Moja,
vijana wanne wa Uyole
ambao wimbo wao mrefu kuliko yote ni dakika mbili.

Jumanne akaja Tusajigwe Mwakabungu, mpiga besi,
miaka sitini na nane, kapu la maparachichi mkononi.
Nikamvisha hedifoni.
Wimbo wa kwanza akatabasamu. Wa pili akafumba macho.
Wa tatu akazivua.

— Mvua iko wapi?

Nikacheka kidogo. Mama, ile ilikuwa kelele.

Hakupandisha sauti. Akaanza kugonga kaunta kwa kucha:
Anyosisye alikuwa hapigi ngoma kwa kuhesabu,
alikuwa anasikiliza bati.
Mvua ikikaza, anakaza. Ikilegea, analegea,
na sisi nyuma yake kama ndama.
Sasa umemwacha peke yake.
Anakimbia, hakuna kinachomkimbiza,
anasimama, hakuna aliyemsimamisha.
Watu watasema alikuwa mlevi.
Na yule hata kimpumu cha msibani
alikuwa anampasia jirani.

Alipoondoka nikaurudia wimbo wa tatu.
Kweli. Mlevi.

Kanda ilikuwa imekubali kusomwa mara moja tu,
ikaacha unga wa kahawia kwenye mashine.
Nakala ya kwanza nilishaipandia juu,
nikiokoa nafasi.

Jumamosi nikashuka Tukuyu na kinasa sauti.
Ghala siku hizi linauza saruji, bati ni lile lile.
Nikasubiri. Tukuyu hainyimi.
Nikarudi na saa nzima ya mvua, nikaitandika chini ya nyimbo.
Ikanyesha upande wake, wao wakapiga upande wao,
kama wapangaji wasiosalimiana.

Basi nikashika kalamu,
nikaandika nyuma ya kila jalada, moja moja:
Isikilizwe chini ya bati, mwezi wa nne.
Kalamu ikaisha kwenye la mia mbili na kumi na mbili.
Mteja wa Makambako akapiga simu,
yeye nyumba yake ni ya vigae, afanyeje?
Nikamwambia aulizie kwa jirani.

Jana Sweta Moja walikuja kurekodi albamu ya pili.
Walinikuta juu ya stuli, nang'oa trei za mayai dirishani,
blanketi liko chini.
Wakafunga nyaya, wakasawazisha nyuzi, wakakaa.
Mpiga ngoma wao, Lusekelo, ana miaka kumi na tisa,
hawezi kutulia hata akila.
Akauliza tunasubiri nini.

Sikumjibu.
Juu ya Loleza palikuwa peusi.